Darubini Juu ya Kisiki

Noela aliiweka darubini juu ya kisiki, akageukia matete, akasubiri. Nyuma yake alisikia hatua za baba mkwe wake zikisogea taratibu, kisha mkanda wa ngozi ukikwaruza mti, kisha kimya. Alipojua kwamba mzee ameshaichukua na kurudi pale alipokuwa, ndipo naye alipoyageukia maji. Ndivyo walivyotazama ndege asubuhi ile, yeye na Mzee Gibson, kisiki kikiwa mshenga wao.

Rogers, mume wa Noela na mwana wa mzee, alisimama kando akipiga miayo. Kwake yeye ndege walikuwa wa aina mbili tu, wa kufugwa na wa kuruka. Alikuja kwa sababu siku ile ilikuwa ya mwisho. Kesho yake alfajiri baba yake angepanda basi Mbezi Luis, arudi Tukuyu.

Bwawa lilikuwa bondeni, nyuma ya vilima vya Wazo, kwenye mashimo ya zamani ya kokoto ambayo mvua iliyajaza na watu wakayasahau. Matete yaliota, mayungiyungi yakafuata, na ndege, ambao hawasubiri kualikwa, wakahamia. Noela, mwalimu wa biolojia, alikuwa akija hapo kila Jumamosi. Majirani walimwona ana lake jambo, maana mtu mzima haendi porini kumtazama ndege asiyemla.

Siku chache kabla ya mzee kuwasili kutibiwa macho, Rogers alikuwa amemkalisha mkewe kitako.

"Sie Wanyakyusa tuna mambo yetu," alimwambia. "Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Mkikutana koridoni, rudi ulikotoka. Jina lake hulitaji, na kitu humpi mkononi. Mama yangu alikuwaga anaongea na kuku. 'We kuku, mwambie mwenye nyumba chakula tayari.' Babu anasikia, anakuja kula."

Noela alikuwa Mmakonde wa Newala. Kwao mkwe huheshimiwa sana, lakini chai hupewa mkononi. Hata hivyo aliyashika mafunzo yale kama mwanafunzi anayetaka alama zote. Hata shuleni, kijana mmoja aliyeitwa Gibson aligeuka ghafla kuwa "wewe wa dawati la mbele", na mtoto wa watu hakujua amekosa nini.

Mzee alifika, akaingia sebuleni akitabasamu, mkono ameunyoosha mbele kama afanyavyo mtu asiyeona vizuri. Noela, aliyekuwa akiandaa meza, aliuacha mfuniko wa sufuria uanguke, akakimbilia jikoni. Tangu siku ile mzee alishinda chumbani. Na Noela, jikoni kwake, alimjua kwa kupitia ukuta. Alizijua nyimbo zake za kanisani za asubuhi, alizoziimba kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wenye nyumba. Siku bandeji ilipotolewa, alimsikia akisema peke yake, kwa mshangao wa mtoto, "Kumbe pazia hili ni la kijani." Noela alilia pale pale kwenye karai la vyombo. Baba yake mwenyewe, mchonga vinyago, alifariki Noela akiwa kidato cha pili, na tangu wakati huo nyumba zote alizoishi zilikuwa na pengo ambalo sasa liliimba kila asubuhi nyuma ya ukuta. Alimpenda mzee yule, basi.

Sasa mzee anaondoka. Jicho la pili halijafanyiwa upasuaji, na daktari alimsihi asubiri. Lakini mzee alishikilia kwamba jicho moja linamtosha mtu wa migomba. Noela aliamini kuna mwiko ameuvunja bila kujua. Angemwomba radhi, lakini angemwomba kwa mdomo gani?

Simu ya Rogers ililia. Alisikiliza, akasonya.

"Ishu ya gari," alisema. "Nimeziba njia ya lori. Nakuja sasa hivi."

Akapanda mlima mbio, akawaacha wawili ambao kimila hawakupaswa kuachwa hivyo. Noela alipiga hatua mbili kuelekea kwenye matete. Mdiria alichupa majini, akatoka na kitu kinachong'aa mdomoni.

"Ajabu," mzee alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayezungumza na upepo. "Yule ndege mwekundu anatembea juu ya maji. Na sasa amekaa. Sijui anaumwa."

Noela alimwona bila darubini, ndege wa rangi ya kutu mwenye vidole virefu kupita kiasi, amejikunyata juu ya jani la yungiyungi. Alimfahamu. Alifahamu pia anafanya nini pale. Alimkumbuka yule kuku wa Tukuyu ambaye hakuwahi kumwona, akafungua kinywa.

"Wewe ndege," alisema akitazama maji, "mwambie mwenye darubini kwamba huumwi. Mwambie unalalia mayai. Mwambie mama yao hayupo, na kwenu ninyi baba ndiye anayebaki na watoto. Mvua ikinyesha unawabeba chini ya mbawa zako."

Alidhani amekosea tena. Lakini alikuwa ameshaanza, na maji yakishamwagika hayazoleki.

"Mwambie pia," akaendelea, "kama nimemkosea anisamehe. Mie sikuzaliwa na mila hizi, nimefundishwa ukubwani. Ila asiondoke kesho. Akatibiwe jicho la pili. Nyumba itakuwa kimya mno."

Mzee alianza kucheka. Kilikuwa kicheko cha chini, kilichopanda pole pole mpaka akalazimika kukaa juu ya kisiki, na kabla hakijaisha kilikuwa kimeshachanganyika na kitu kingine. Noela alimsikia akipenga kamasi.

"Ndege," mzee alisema, "nani amemfundisha mwanangu maneno haya?"

"Ndege, mwambie ni Rogers."

"Rogers," mzee alirudia. "Na mimi hakuniambia. Ndege, msikilize mzee mjinga. Mimi nilijua mke wa Rogers ni wa kusini, na kwao hawana mambo haya. Nikajiambia, usimtese mtoto wa watu kwa mila zako, ingia umpe mkono kama watu wa mjini. Nikampa mkono, akanikimbia. Kila nikitoka chumbani, anakimbia. Nikasema basi, huyu binti hanitaki, nami sitakuwa mzigo nyumbani kwake."

Noela aliziba mdomo kwa kiganja. Siku zote zile alikuwa akimkimbia kwa heshima, na kila alipokimbia alikuwa akimfukuza.

"Mke wangu aliongea na kuku mpaka baba yangu alipofariki," mzee aliongeza taratibu. "Sikutegemea kuyasikia tena maneno hayo duniani. Ndaga, ndege. Ndaga fijo."

Hiyo ilikuwa asante ya kwao, na Noela aliielewa bila mkalimani.

Walikaa hivyo, yeye amesimama akitazama maji, mzee amekaa juu ya kisiki. Kisha kitu kiligusa kiwiko cha Noela. Ulikuwa mkanda wa darubini. Mzee alishika ncha moja na kuusogeza mbele, uso ameuelekeza kwenye vilima, na Noela, bila kugeuka, akaupokea kwa ncha ya pili. Vidole havikugusana. Kwa kitambo kidogo wote wawili waliushikilia.

Rogers alirudi akihema, jasho likimtiririka.

"Baba, twendeni. Hujafunga hata begi."

"Mayai hayajaanguliwa," mzee alijibu.

"Mayai gani tena?"

"Muulize mkeo. Na ukifika nyumbani, mpigie simu daktari."

Rogers alimtazama baba yake, akamtazama mkewe, akatazama bwawa lote, asione yai hata moja. Akatikisa kichwa, akatangulia njiani. Mzee aliinuka, akajipangusa suruali.

Noela aliiweka darubini machoni. Ndege yule alikuwa amesimama kidogo, akayageuza mayai yake kwa mdomo, akaketi tena.

"Shikamoo, baba," Noela alimwamkia.

Ndege hakuitika, alikuwa na kazi yake.

"Marahaba, mwanangu," ilisema sauti nyuma yake.