Simba Mara ya Nne

Madam Edah alikuwa ameshapewa darasa lake bure, asubuhi, mbele ya walimu wenzake, na bado akalikataa kwa mdomo wake mwenyewe. Hata mimi ninayesimulia, hasira hunipanda nikifika hapo. Lakini tuanze mwanzo.

Shule yao ya sekondari iko nje kidogo ya mji wa Kakamega, ukishika barabara ya Navakholo. Mwalimu mkuu, Jairus, aliwahi kuwa refa wa mpira, na urefa haukumtoka. Walimu wawili wakitaka kitu kimoja, yeye hutoa shilingi kumi mfukoni na kuirusha. Upande mmoja simba, upande wa pili ngao. Alianza hivyo baada ya walimu wawili kugombea nyumba ya shule mpaka diwani akapigiwa simu. Tangu siku hiyo ni shilingi tu, na ukilalamika anakuambia asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sasa basi, walimu wa hisabati walikuwa wawili. Edah, miaka kumi na mitano kazini, na Zipporah, msichana wa Butere aliyekuja juzijuzi na viatu vyake vya kung'aa. Mara tatu walirushiwa shilingi, na mara tatu Zipporah alisema "simba" na simba akatokea. Akapata nyumba yenye mfereji wa maji. Akapata safari ya kupeleka wanafunzi kwenye mashindano Kisumu. Akapata hata meza ya dirishani, ile yenye upepo. Kila akishinda hucheka kidogo, halafu husema, "Pole, Madam." Hiyo pole ndiyo iliyomchoma Edah kuliko nyumba.

"Huyu msichana anashindanga tu!" alimwambia mumewe jikoni, akimenya viazi vitamu kama anayemchuna mtu ngozi.

"Si ni shilingi tu, mama watoto?" Willis akasema.

"Shilingi gani! Hebu nitokee hapa."

Mwezi wa kwanza ukafika, na kidato cha nne kikahitaji mwalimu wa kukifikisha kwenye mtihani wa taifa. Hao walikuwa watoto wa Edah tangu kidato cha kwanza. Palikuwa na msichana mmoja, Nabwire, aliyeingia shuleni hajui hata nusu na robo. Miaka mitatu Edah alikaa naye saa za chakula cha mchana, akampandisha hatua kwa hatua, mpaka juzi akapata alama sitini na mbili. Siku hiyo Edah alilia chooni kwa furaha. Kumaliza na darasa lile ndilo jambo pekee alilolitaka mwaka huo. Zipporah naye akaliomba, na haki ya kuomba alikuwa nayo.

Jairus akawaita wakati wa chai. "Hili halitaki shilingi," alisema. "Madam Edah amewalea, amalize nao."

Kwisha maneno! Mtu mwenye akili angesema asante akamalizia mandazi yake. Lakini Zipporah akatabasamu akasema, "Sawa, mwalimu. Ukongwe nao ni bahati."

Walimu wakacheka. Haikuwa kejeli, ila mwenye wivu husikia anachotaka kusikia. Edah akahisi uso unawaka. Kumbe nimehurumiwa kama bibi kizee! Akatamani, kuliko kitu chochote duniani, kumwona msichana yule akishindwa mbele ya watu.

Hapo kichwa chake kikapiga hesabu. Kushinda mara moja ni nusu. Mara mbili mfululizo, robo. Mara tatu, moja ya nane. Mara nne, moja ya kumi na sita. Moja tu! Zilizobaki kumi na tano zote zangu!

Na ni yeye huyu huyu ambaye mwaka uliopita aliwafundisha watoto kwamba kila mrusho unajitegemea, kwamba shilingi haikumbuki ililalaje jana. Ile moja ya kumi na sita ni ya mtu ambaye hajarusha hata mara moja. Mara tatu zikishapita zimepita, umebaki mrusho mmoja, na mrusho mmoja ni nusu kwa nusu. Alilijua hilo vizuri sana. Ila wivu ulikuwa umeshika chaki.

"Turushe," akasema.

Jairus akashusha kikombe. "Madam, nimeshakupa."

"Sitaki kupewa. Nataka kushinda."

"Madam, si lazima..." Zipporah akaanza.

"Unaogopa?"

Jairus akatikisa kichwa, akatoa shilingi.

"Simba," Zipporah akasema kwa sauti ndogo.

Shilingi ikapanda, ikaanguka mezani, ikazunguka karibu na chupa ya chai, ikalala. Simba.

Safari hii Zipporah hakucheka wala hakusema pole. Alimfuata Edah hadi kwenye tangi la maji. "Madam, wachukue. Ni watoto wako. Mimi nitaongea na mwalimu mkuu."

Neno moja tu lilihitajika, asante, na darasa lingerudi. Lakini wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda.

"Sili makombo yako," Edah akasema, akaenda zake.

Jumatatu alikuwa akifundisha kidato cha pili, na kati yao na kidato cha nne ni ukuta wa mbao tu. Akamsikia Zipporah akisema, "Nabwire, njoo utufanyie hili ubaoni." Kisha chaki ikigonga upande wa pili, taratibu, ikisimama, ikiendelea.

Chaki ya Edah ikasimama pia, kabla haijagusa ubao. Miaka mitatu alikuwa amemwombea mtoto yule kwa jina. Sasa, mgongo kwa darasa, akaomba tena kwa jina.

"Akosee. Mungu wangu, Nabwire akosee."

Upande wa pili makofi yakalipuka.

"Madam, wanampigia nani?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Andikeni," Edah akasema bila kugeuka, na ubaoni hapakuwa na kitu.