Tano Inakaa Wapi

Mimi niliendesha lifti. Siku hizi watu hubonyeza wenyewe, lakini zamani katika jengo letu la ofisi palikuwa na mtu amekalia kigoda, anauliza "Ngapi?", anavuta mkono wa chuma, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nimestaafu na jina la Ghorofa. Hadithi za humo ninazo tele. Siku moja lifti ilipitiliza paa, nikafungua mlango, nikayakuta mawingu yamepanga foleni yakingoja zamu ya kunyesha. Mhasibu aliyekuwa ndani akaniomba nimshushe haraka, ana kikao. Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawakupanda lifti yangu.

Nayasema haya mapema ili uelewe kwa nini, nilipokuja kuona jambo la kweli, hapakuwa na wa kunisadiki.

Mke wangu ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake: meza ndefu, cherehani ya miguu, na mkasi mzito unaoning'inia kwenye msumari, kushoto kwa dirisha. Wenzake hukunja kitambaa ili wapate katikati. Yeye hutazama tu, huchora kwa chaki, hukata. Wabishi walikuwa wakija na tepu zao kumhakiki, wakaondoka kimya.

Kiharusi kilimkuta asubuhi akichana nywele. Mungu alimhurumia: miguu ilirudi, mdomo ukanyooka, maneno yakarudi, na matusi yake kwangu yakatangulia mengine yote. Binti yetu, mpokea simu katika kampuni ya bima, akahamia kwetu na mtoto wake wa miaka sita, ambaye tunamwita Kiroboto kwa kuwa hakai mahali pamoja. Kiroboto alikuwa anaanza shule. Mama yake akanunua vitambaa viwili vya sare, gauni la kuvaa na la kubadilisha.

Mke wangu akakata cha kwanza. Gauni likatoka na bega moja la mtoto na jingine la mbeba mizigo.

Mke wangu aliligeuzageuza lile gauni mikononi.

"Nimekata katikati," akasema. Kisha tena, polepole, "Nimekata katikati kabisa."

Binti akautungua mkasi, akautia kwenye mkoba wake. "Mama, pumzika sasa. Hiki cha pili nitampelekea fundi wa sokoni. Na cherehani tutatafuta mtu anayeihitaji."

"Mimi siihitaji?"

"Utajikata vidole, mama."

"Vidole ni vyangu."

Binti alifunga zipu ya mkoba. Mke wangu akatoka, akakaa kwenye benchi uani. Kuanzia siku ile hakunitukana tena. Hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari alikuwa ametueleza kwamba macho yake ni mazima. Kilichoumia ni ule uangalifu wa upande wa kushoto. Nilikuwa nimeitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nyumbani alikula nusu ya sahani, upande wa kulia, akalalamika kwamba nampunja. Nikiizungusha sahani chakula kinamtokea, naye ananishuku kwamba nilikificha. Hayo nilikuwa nimeyazoea. Sikujua kwamba ugonjwa wenyewe umeingia mpaka kwenye hesabu.

Nilijua kwa sababu ya vibanio vya nguo. Alasiri moja nilikuwa nampima Kiroboto kama yuko tayari kwa shule. Kamba ya kuanikia ilivuka ua kutoka ukuta hadi ukuta. Nikabana kibanio mwisho wa kushoto, nikasema huyu ni moja, kingine mwisho wa kulia, huyu ni tisa. "Haya, mke wangu mdogo, wapange waliobaki."

Akapanda kiti. Mbili akampa nafasi ya shati zima. Tatu naye akatanua. Kuanzia nne wakaanza kubanana, na saba na nane wakaishia wamepandiana mgongoni mwa tisa.

"Mbona hawa umewabana hivi?"

"Babu, moja, mbili na tatu nawajua. Hao wengine nawasikia tu."

Nilimcheka, kisha nikajitazama. Hata mimi miaka yangu nimeipanga vivyo hivyo. Ile ya utoto kila mmoja una chumba chake na dirisha lake. Hii ya karibuni imesongamana kama abiria wa saa ya kutoka kazini, siwezi kukuambia nani ni nani.

Nikavikusanya vibanio, nikabakiza miisho miwili. "Mama watoto, njoo umwonyeshe mke mwenzio. Tano inakaa wapi?"

Alikuja kwa kuvutwa mkono. Akaitazama kamba kwa utulivu uleule aliokuwa akivitazamia vitambaa, akabana kibanio chake mbali kule kulia, karibu kabisa na tisa.

"Bibi, hapo anakaa saba," Kiroboto akasema.

Nikamwambia mke wangu afumbe macho. "Usihesabu. Kati ya moja na tisa, wa katikati ni nani?"

"Saba."

"Na tano?"

Alihesabu kwa vidole. "Nikihesabu nawapata, mmoja mmoja. Nikiacha kuhesabu, wale wadogo hawapo. Ni kama wametoka na hawakuaga." Akafumbua macho. "Usimwambie binti yako."

Mtu wa aina yangu akibanwa hufanya upuuzi. Nikaifungua kamba upande mmoja, nikaipitisha juu ya fremu ya mlango, ikaning'inia mpaka chini. "Ninyi mnawalaza ndiyo maana wanapotea," nikasema. "Namba hazilali. Zinasimama. Moja iko chini mlangoni, tisa iko juu kwa wakubwa. Muulize mtu yeyote aliyepanda lifti."

Nilibana moja karibu na sakafu na tisa juu ya kichwa chake. Akapumua kwa kuchoka, akanyoosha mkono, akabana tano.

Ilikuwa katikati.

Nikakitoa kibanio. Akakirudisha palepale. Hata Kiroboto alikaa chini. Mke wangu aliishika kamba kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Binti aliporudi kutoka kazini nikamwahi mlangoni. "Namba za mama yako zikilala, zile za kushoto zinamtoka. Zikisimama, zinakaa."

"Baba, leo nimechoka. Sina nguvu za mawingu yaliyopanga foleni."

"Ni kweli anachosema," mke wangu akasema nyuma yangu. "Nipe kitambaa."

"Mama, ndicho kilichobaki."

"Nipe chaki, basi. Mkasi kaa nao."

Binti akakitoa kitambaa, nami nikakibana mlangoni kwa ubavu, upande wa kushoto juu, wa kulia chini. Mke wangu akasimama mbele yake muda mrefu. Kisha akachora mstari mmoja wa chaki. Binti akakitungua kitambaa, akakikunja penye mstari. Ukingo ukalala juu ya ukingo. Akakunjua, akakunja tena, kisha akafungua mkoba na kutoa mkasi.

Tulikata mpaka usiku, yaani mke wangu alikata na mimi niligeuza. Kila alipofika upande unaomtoka, nilizungusha kitambaa mpaka upande huo usimame mbele yake. Mwanamke huyu hajawahi kumruhusu mtu aguse kitambaa chake mezani, na sasa alikuwa anangoja mikono yangu.

"Geuza."

"Ghorofa ya ngapi, bibie?"

"Geuza, mzee, usinicheleweshe."

Gauni lilipokwisha, Kiroboto akalivaa na kuzunguka chumba kizima. Mabega yalikaa. Shingo ilikaa. Akatia mkono mfuko wa kulia, akautoa, kisha akapapasa upande wa pili.

"Bibi, mfuko mwingine uko wapi?"

Kipande cha mfuko kilikuwa mezani, kushoto kwa cherehani, kimekatwa vizuri na kusahauliwa. Mimi nilikuwa nimekaa kupumzika, sikugeuza. Mke wangu alimtazama mtoto, akayatazama mapaja yake mwenyewe. Uso wake ulizimika.

Binti akauchukua mkasi mezani. Nikaona mkoba wake uko wazi juu ya kiti, nikainamisha kichwa. Halafu nikasikia nyundo. Alikuwa ameung'oa ule msumari wa zamani, na sasa alikuwa anaugongomea ukutani kulia kwa dirisha. Akautundika mkasi hapo.

"Mama, mkasi utakuwa huku."

Mke wangu hakugeuza shingo. Alinyoosha mkono, vidole vikaugusa bila kupapasa.

"Nileteeni hicho kipande," akasema. "Mtoto atatia wapi mkono wake?"

Kisha akaniita jina ambalo siwezi kuliandika hapa, nikainuka kwenda kugeuza kitambaa.