Kahawa ya Uzinduzi wa Barqi

Wadih Tarabay alikuwa na kinywa kitamu na alijijua. Tangu atoke Beirut na kuhamia Dubai alikuwa ameuza maji, manukato na maghorofa ambayo hayajajengwa, na vyote vilinunuliwa. Kwa hiyo Joost, kijana wa Kiholanzi mwenye kaptula na sarafu ya mtandaoni iitwayo Barqi, alipomtaka aitangaze na kumwambia hana fedha taslimu ila angemlipa kwa hizohizo Barqi, Wadih alikubali bila kupepesa macho. Jasho lake la miezi minane likaingia kwenye simu kama tarakimu ndefu ya kupendeza. Matajiri wakizinunua Barqi, zingegeuka dirhamu. Wasipozinunua, kafanya kazi bure.

"Ulipotangaza manukato ulilipwa kwa chupa?" aliuliza mkewe, Ghinwa.

"Mke wangu, hii ndiyo kesho ya dunia."

"Kodi ya nyumba ni ya leo."

Kikwazo chake ofisini kilikuwa Maitha, mwanasheria, binti wa Dubai hapohapo, asiyecheka ovyo. Kila tangazo la sarafu lilipita kwanza mezani kwake, maana serikali haina mzaha na mambo hayo. La kwanza lilisema "faida bila hasara". Akalifuta. La pili likasema mlango unafungwa kesho.

"Bwana Wadih, mlango huu unafungwa kesho tangu Shaabani. Sasa tuko Shawwali. Bawaba hazijachoka?"

"Bibie, watu wasipoharakishwa wanafikiri."

"Basi waache wafikiri."

La tatu lilikuwa na mzee wa ndevu nyeupe akiibariki Barqi. Maitha akauliza huyo ni sheikh wa msikiti gani. Kumbe ni mwigizaji wa tamthilia, na mwezi uliopita alikuwa mwizi wa ngamia. La nne lilikuwa na mchezaji mpira maarufu, ambaye baada ya kupigwa picha zote aliuliza kama hicho kinywaji cha Barqi kina sukari. Onyo la hasara Wadih aliliandika kwa herufi ambazo hata sisimizi angeomba miwani. Matangazo yote mawili yakarudishwa.

"Huyu msichana ataniua kwa njaa," Wadih alilalamika. Akaamua kutengeneza filamu isiyo na neno hata moja, kwani pasipo neno hapana cha kufuta. Akampelekea Maitha maneno ya filamu ayakague: karatasi tupu. Maitha aliigeuza mbele na nyuma, akatia sahihi. Filamu yenyewe hakuonyeshwa. Wadih alitembea na furaha siku nzima, kana kwamba kamshinda mtu mkubwa.

Filamu ilikuwa nzuri, tusimdhulumu. Jangwa, farasi, mkono wenye kanzu nyeupe umeshika birika la shaba, na kahawa inamiminwa kwenye finjani mpaka inafika ukingoni na kumwagika. Utajiri usiobebeka! Kwao Beirut kikombe hujazwa. Kwamba watu wa Ghuba humimina mafunda mawili matatu tu, kisha huongeza na kuongeza, alikuwa amekwisha kuona kwenye kila baraza aliloingia. Miaka yote hiyo alidhani ni ubahili.

Siku ya uzinduzi ukumbi wa hoteli ulijaa wafanyabiashara. Mbele kabisa aliketi mzee Hareb, muuza dhahabu, ambaye akinunua kitu wenzake wote hununua. Walikula tende na kaimati, wakatazama filamu kimya. Taa zilipowaka, milango ikafunguliwa wakaingia vijana warembo, wanamitindo wa kukodi ambao hawajawahi kushika birika maishani mwao. Wakamjazia kila mgeni finjani mpaka ukingoni, kama kwenye filamu. Mgeni mmoja akaunguzwa paja.

Hareb aliitazama finjani yake, akamtazama Wadih. Akanywa yote kwa adabu, akaitikisa finjani kuonyesha ametosheka, akasimama. Ukumbi mzima ukasimama naye.

"Wamesimama!" Joost alipiga makofi, machozi yakimlenga. "Wadih, wamesimama wote!"

Walikuwa wanaelekea mlangoni.

"Umewafukuza," Maitha alisema kutoka nyuma, mkono mdomoni. "Ukimjazia mtu finjani, unamwambia anywe aende zake. Na wewe umewaambia mara mbili, kwenye filamu na mikononi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniletea karatasi tupu. Niliisoma yote."

Wadih alitoka mbio mpaka kwenye magari, tai imemgeukia mgongoni. Hareb alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari.

"Ami Hareb, nisamehe! Ni ujinga wangu wa kahawa tu. Rudini tuzungumze habari za sarafu."

Mzee alicheka mpaka akashika mlango. "Mwanangu, kila wiki naalikwa kwenye sherehe za sarafu hizi, na kila wiki natafuta njia ya heshima ya kuondoka. Leo mwenyeji mwenyewe kanipa ruhusa. Nirudi kwa lipi?"

"Lakini Barqi ni kitu cha kweli, ami. Watu wananunua."

"Nitajie mmoja."

Wadih akaanza kuhesabu kichwani. Akawafikiria wale wafuasi elfu sabini wa mtandaoni ambao Joost aliwanunua kwa jumla kama vitunguu. Akamfikiria Joost, ambaye hata kodi ya ukumbi aliilipa kwa dirhamu.

"Mimi," alisema mwishowe. "Mimi ninazo. Malipo yangu yote yako humo."

Hareb aliacha kucheka. Alimshika bega, kwa upole kabisa, na hapo ndipo Wadih alipoogopa. Dhihaka alikuwa ameizoea. Huruma ya tajiri hakuizoea.

"Pole, mwanangu," alisema mzee. "Kumbe tangazo lako limefanya kazi."

Akaingia garini, akafunga mlango.