Unga wa Kung'arisha Vioo

Nafuna alikuwa amechoka kuzungushwa. Mumewe Wangila alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu awamu mbili nzima, hadi macho yakawa manjano, na bado alikohoa kama paka aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Makohozi yalipimwa mara tano. Hakuna kijidudu. Sasa Daktari Okullo alikuwa ameinua picha ya mapafu dirishani, na mapafu yote yamejaa vidoa.

"Mama, hili ni vumbi," alisema. "Kazini anashika vumbi gani? Niletee jina. Bila jina, wakubwa wangu watasema ni TB tu, na Jumatatu tutaanza dawa zilezile upya. Ini lake halitazistahimili."

Jina tu! Kama kwamba jina huuzwa sokoni.

Akaenda Nakawa, kwenye karakana ambako Wangila alisugua vioo miaka tisa kwa unga wa rangi ya waridi. Ukiwa na maji, unga ule ni uji. Ukikauka sakafuni, ni yeye aliyeufagia, kajifunga leso puani. Msimamizi, Erinayo, alizungumza naye kupitia tundu la geti. Kufungua aliona ni heshima kubwa mno.

"Nyabo, hiyo unga iko ya kung'alisha vioo tu. Haina neno."

"Inaitwaje?"

"Inaitwa unga. Na kila siku sisi napea yeye maziwa. Maziwa nasafisha kifua. Bwana yako alikuwa nakunywa?"

Nafuna alitamani kulia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Wangila hakuyanywa maziwa yale. Aliyaleta nyumbani, yakawa chai ya watoto. Mwaka mzima Nafuna alikuwa amejilaumu kwa chai ile, utadhani pakiti ya maziwa ni ufagio wa mapafu.

"Basi nionyeshe gunia lake, nisome mwenyewe."

"Gunia hatuweki. Zikiisha, wafanyakazi nabeba nyumbani. Hata bwana yako alibeba."

Nafuna hakuaga. Alitembea mbiombio hadi chumbani kwao Kyambogo, akiwa na hasira, na sasa si juu ya Erinayo peke yake. Magunia yale alikuwa ameyapokea kwa shukrani. Yalikuwa meupe, magumu, hayachaniki. Aliyafua, akayageuza ndani nje ili maandishi yasiaibishe kitanda, akayajaza vitambaa, akashona mito minne.

Wangila alikuwa amelala. Akamwinua kichwa, akauvuta mto, akafumua mshono kwa meno. Herufi za buluu zilikuwa zimefifia, lakini zilisomeka. Akazitamka moja moja: cerium. Chini yake palichorwa mtu aliyefunikwa pua na mdomo. Kutoka kwenye pindo, ambako maji ya kufulia hayakufika, unga wa waridi ulimwagikia mapajani mwake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mto hawakuutaja.

"Ndilo jina?" Wangila aliuliza.

"Ndilo, Baba Nasimiyu. Lilikuwa hapa siku zote. Mimi ndiye niliyeligeuza."

Wangila hakumlaumu. Alishuka kitandani akijishikiza ukutani, akakohoa, akapumzika, akakohoa tena. Kisha akapiga magoti kwenye godoro la watoto na kuanza kuikusanya ile mito mitatu iliyobaki.