Majina Katika Rejista ya Ogari

Mwaka 1971 Jemimah na Rispa walikuwa wakipanga chumba kimoja nyuma ya soko la Kisii. Jemimah alikuwa Mgusii wa Nyaramba. Mumewe alimrudisha kwao kwa sababu hakuzaa, na kwao nako hawakumtaka. Rispa alitoka upande wa ziwani. Mmoja hakujua Kijaluo, mwingine hakujua Ekegusii, kwa hivyo waliishi kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Wote wawili walipata wanaume katika baa ya Bwana Ogari, wala hawakudanganyana kuhusu jambo hilo. Ilikuwa kazi.

Kilichowatesa hasa ni msako. Polisi walikuja wakati wowote, wakawapakia wanawake kwenye lori, na kesho yake hakimu akawauliza walikuwa wakizurura kwa nia gani. Mwaka huo Rispa alikuwa amelala seli mara nne. Mara ya mwisho alitoka na kikohozi ambacho hakikumwachia kwa miezi.

Msako ulimuumiza Ogari pia, maana wateja walikimbia na kuacha bia mezani. Basi yeye na wenye baa wenzake wakaketi na inspekta wa wakati huo, pamoja na daktari mmoja mwenye kliniki yake mwenyewe, wakaelewana. Alasiri moja, kabla baa haijafunguliwa, Ogari akawaita wanawake na kusimama mbele yao na rejista mpya.

"Kuanzia sasa kila mtu atakuwa na kadi," alisema. "Jina lako, jina la baba, chumba unacholala, picha, sahihi. Kila Ijumaa daktari atawapima na kugonga muhuri. Mwenye kadi, polisi hamgusi. Asiye nayo asikanyage hapa."

"Bwana Ogari," Jemimah akauliza, "na wanaume watapimwa siku gani?"

Wanawake wakacheka. Ogari hakucheka.

"Sisi hatukuomba kadi," Jemimah akaendelea. "Tuliomba tusikamatwe. Kama hii kazi si makosa, basi si makosa kwa kila mtu. Na kama ni makosa, kadi itasaidia nini?"

"Umekuwa wakili siku hizi?"

Rispa akamvuta nguo. "Kaa chini, dada."

Waligombana chumbani mpaka jirani akagonga ukuta.

"Unasema 'tusikamatwe' kama kuna mtu anakusikiza," Rispa alisema. "Nani atakubali hiyo? Serikali? Kanisa? Mimi nataka kulala bila kusikia buti mlangoni. Wakinipa karatasi nitachukua."

"Hiyo karatasi ni yao, Rispa. Wewe unawashikia tu."

"Basi kaa na kiburi chako."

Rispa akatia sahihi. Jemimah akafungasha nguo zake akahamia Mosocho.

Huko hakuna baa iliyomkubali bila kadi, maana mpango ule ulikuwa umefika hadi huko. Alikutana na wanaume migombani, mbali na masikio ya watu. Mmoja wao, mnunuzi wa kahawa, alimpiga mpaka akamvunja taya. Jemimah alikwenda kituoni akishika uso kwa leso. Askari wa zamu alimtazama akauliza, "Kadi yako iko wapi?" Aliposikia hana, alifunga kitabu chake. Taya ilipona ikiwa imepinda.

Rispa, kwa upande wake, alipanga foleni kila Ijumaa nje ya kliniki, mbele ya wauza ndizi, na baada ya muda hata watoto wa shule walijua Ijumaa ni siku ya nani. Daktari hakumsemesha. Alimwonyesha kitanda kwa kalamu. Lakini lori halikuja tena, na kikohozi kikaisha. Kusema kweli, Rispa alinenepa.

Kisha akatokea Ouma, fundi wa nguo, mtu wa ziwani kama yeye, aliyefiwa na mke. Alijua Rispa alikuwa akifanya nini. "Ya nyuma ni ya nyuma," alimwambia. Walifunga ndoa kanisani mwaka 1973, na Rispa akawa anashona vifungo na kupiga pindo dukani kwa mumewe. Kabla ya harusi alimrudishia Ogari kadi na kumwomba akate jina lake katika rejista.

"Nikilikata, inspekta ataniuliza," Ogari alisema. "Liache tu. Nani atalisoma?"

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata inspekta alihamishwa. Aliyekuja alikuwa mlokole, na alitaka mji usafishwe. Makubaliano ya mwenzake hayakumhusu. Alikwenda moja kwa moja kwa Ogari akaitaka rejista, na Ogari akampa bila kubishana. Kadi ya Rispa ilikuwa bado ndani, imebanwa katika ukurasa wake.

Kulipopambazuka askari walianza kwenda mlango kwa mlango, na kufikia saa nne hakuna hata mmoja aliyekosekana, maana kila chumba kilikuwa kimeandikwa. Kwenye jina la Rispa, chumba cha zamani kilikuwa kimekatwa, na juu yake, kwa mwandiko safi wa Ogari, pameandikwa: "Kwa Ouma, fundi." Walimtoa kwenye cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Jemimah alipopata habari alitembea kutoka Mosocho hadi kortini. Alimkuta hakimu amemwinulia Rispa kadi.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa, lakini polisi ndio walisema tuchukue."

"Polisi hawawezi kutoa ruhusa ambayo sheria haina. Umekiri mwenyewe." Akampa miezi mitatu.

Ogari alikuwa ameketi nyuma, kofia mapajani. Hakuna aliyemuuliza kitu, na baa yake ilifunguliwa siku hiyohiyo.

Jemimah akaenda kwa Ouma.

"Kwani hukujua?" alimuuliza.

"Nilijua. Watu walikuwa wanadhani, na mtu anaweza kuishi na watu wanaodhani." Ouma hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Sasa imesomwa kortini, na jina langu likasomwa pamoja nayo. Pasta ameniita."

Nguo za Rispa zilikuwa tayari zimekunjwa vizuri ndani ya gunia. Jemimah akalibeba.

Siku ya kutoka jela Rispa alimkuta langoni. Alitazama gunia, akaelewa.

"Sema basi," alisema. "Sema uliniambia."

"Sisemi."

"Sema!"

"Mimi nilivunjwa taya, nikaulizwa kadi. Nitasema nini?"

Rispa aliketi kando ya barabara, akajiziba uso kwa mikono. Kikohozi kilikuwa kimerudi. Jemimah alisimama karibu naye akingoja, na watu waliokuwa wakienda sokoni wakawazunguka na kupita.

Rispa hakurudi ziwani. Angewaambia nini? Alikaa na Jemimah huko Mosocho, akafanya kazi ileile migombani, na polisi walipokuja kumkamata alipanda lori bila kuuliza kosa.