Maji Aliyokatazwa Fundi

Fundi aliomba maji kabla hata hajaitikia salamu.

"Nipe kidogo tu, Bibi Chumvi. Ya kulowanisha ulimi."

Mdogo wake akasukuma mkoba chini ya kitanda, akavuta kiti cha plastiki na kukaa. Kikombe kilikuwa juu ya kabati, kitupu. Cha asubuhi alikuwa ameshakinywa. Kilichobaki ni cha jioni, na jua la saa sita lilikuwa bado linapiga kwenye vioo vya wodi.

"Bado, kaka."

"Bado mpaka lini?"

"Mpaka jioni."

"Haya." Akageukia ukutani. "Maisha yangu yote nimewafungulia watu maji. Leo dada yangu wa tumbo moja ndiye kanifungia koki."

Mzee wa kitanda cha pili, aliyefungwa plasta mguu mzima, akacheka mpaka akakohoa. "Lipa bili kwanza, Fundi. Hawakati maji bure."

Dada akacheka pia, kwa kuwa wote walikuwa wakicheka. Kisha akachovya pamba kwenye maji, akaikamua sana, akampangusa kaka yake midomo. Fundi aliing'ang'ania ile pamba kwa meno kama mtoto. Ilibidi dada aivute polepole ili isichanike.

Jina la Bibi Chumvi alipewa na huyo huyo kaka, siku alipoajiriwa kwenye maabara ya kituo cha utafiti wa mazao. Kazi yake ilikuwa kupima sodiamu kwenye majani ya mimea iliyooteshwa katika udongo wa chumvi, ili watafiti wajue ni mmea gani unaivumilia na ni upi unakauka. Alipomaliza kueleza hayo sebuleni, kaka yake alimtazama kwa huruma. "Umesoma kote huko," alisema, "ili uje kuonja majani kama yamekolea?" Tangu hapo hakuwahi kumwita vingine.

Fundi walimleta hospitali baada ya kuanza kupotewa na maneno. Mtu aliyefunga mabomba ya nusu ya mji akashika spana, akaiita kijiko. Kikohozi kilikuwepo muda mrefu, ila alikuwa akisema ni vumbi la saruji. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye pafu, na damu ikaonyesha sodiamu imeshuka vibaya. Mtu mzima hutakiwa kuwa na mia moja thelathini na tano au zaidi kidogo. Fundi alikuwa na mia moja na kumi na sita. Ikizidi kushuka, daktari alisema, ubongo utavimba, na hawataweza hata kumwanzishia dawa za uvimbe. Ikipanda, wataanza. Kila kitu kilikuwa kinangoja hiyo namba, na ili ipande ilibidi asinywe maji ila vikombe viwili vidogo kwa siku.

Mama yao hakukubaliana na jambo hilo hata kidogo.

"Kama chumvi imepungua, si tumwongezee? Mimi nitamtilia kwenye uji."

"Haijapungua, mama. Maji ndiyo yamezidi. Ule uvimbe unaudanganya mwili uyashikilie, kwa hiyo hayatoki. Ni kama supu iliyotiwa maji mengi."

"Supu ikiwa na maji mengi unaongeza chumvi."

Dripu ya chumvi walishamwekea. Namba ilipanda siku moja, siku ya pili ikarudi chini. Alijua jinsi sodiamu inavyotoka kwenye udongo, ikapanda kwenye mzizi, ikafika jani la mwisho, lakini jani halina uvimbe wa kulidanganya.

Ila kazi yake ilikuwa imemfundisha pia kutoiamini namba. Mwaka mmoja majani yote ya shamba zima yalitoa vipimo vya juu kupita kiasi, hata yale ya udongo mzuri. Walihangaika wee, wakalaumu mbolea, wakalaumu kisima. Kumbe ni chupa. Kioo chenyewe kina sodiamu ndani yake, nayo huchuruzika kidogo kidogo kwenye maji yanayokaa humo. Tangu hapo walihifadhi sampuli zote kwenye plastiki, na hakuna aliyegusa kitu bila glavu, maana jasho la kidole kimoja latosha kuharibu kazi ya juma.

Kwa hiyo alipoona mkono wa kushoto wa kaka yake una dripu ya dawa iliyochanganywa na maji ya sukari, na juu kidogo kuna kiplasta cha mahali walipotoa damu, alisimama papo hapo. Damu iliyotolewa hapo ingekuwa imechanganyika na dripu. Ingesoma chini bila sababu. Alimfuata nesi, akamweleza kwa sauti ndogo, kwa adabu zote, asije akaonekana anamfundisha kazi.

Nesi alimsikiliza mpaka mwisho. "Inawezekana," alisema. "Tutoe upya, mkono wa kulia."

Akatoa. Fundi alitazama sindano. "Hata hayo maji mekundu mnanichukulia," alisema.

Dada akaomba na yeye apewe kidogo kitakachobaki. Mpimaji wa hospitali alisita, akamtazama usoni, akampa kichupa cha plastiki chenye ule ute wa njano unaobaki damu ikishachujwa. Dada akakitia kwenye kopo la barafu, akaenda nacho kazini.

Aliyekuwa zamu ni mwenzake waliyemwita Mzee wa Gesi, kwa sababu ufunguo wa mtungi haukutoka mfukoni mwake. Hakuuliza maswali mengi. Aliwasha mashine, moto ukasimama mdogo na wa bluu nyuma ya kidirisha. Wakapitisha kwanza maji safi, kisha vile vimiminika ambavyo kiasi chake wanakijua, kimoja baada ya kingine, mpaka mashine ikakubaliana navyo. Halafu dada akakizimua kile cha kaka yake, akainua mrija mwembamba, akauchovya.

Moto ukageuka njano, rangi ya sodiamu.

Aliuona moto huo kila siku ya kazi, na kila siku ulikuwa jani la mtu asiyemjua. Akasoma namba, akapiga hesabu kwenye karatasi. Mia moja na kumi na tatu.

"Rudia," akasema.

Wakarudia. Ikaja ile ile.

"Labda tubadilishe mrija," Mzee wa Gesi alisema. "Mrija huu si wa kuuamini sana."

"Mrija ni mpya. Tuliufunga mimi na wewe."

"Basi labda barafu…"

"Barafu haina neno, mzee wangu."

Mzee wa Gesi akatikisa kichwa, akafunga mtungi. Moto ukazimika kwa mlio mdogo. Alivua glavu, na kwa mara ya kwanza tangu wafanye kazi pamoja akamshika mkono ndani ya chumba kile. Hospitali nao walipata mia moja na kumi na tatu.

Juma lililofuata daktari alimwita ukumbini, karibu na rafu ya mashuka. Uvimbe ulikuwa umefika kwenye ini. Dawa za uvimbe wasingeweza tena kuzianza.

"Nadhani tuache kumtoboa," alisema. "Hatutapima tena."

"Na maji?"

"Mpe."

"Vikombe vingapi?"

Daktari alitazama mashuka. "Anavyotaka, dada yangu."

Akarudi wodini. Mama alikuwa amefika na uji, anampepea mwanawe kwa kanga. Dada akachukua jagi, akamimina kikombe kikajaa mpaka ukingoni, akamwinua kaka yake kichwa.

Fundi akakiangalia kikombe, hakukigusa.

"Jioni imefika?"

"Bado."

"Daktari kasema?"

"Kasema unywe."

"Kiasi gani?"

"Unachotaka, kaka."

Alimtazama. Siku zile alikuwa akipotea na kurudi, lakini saa ile alikuwepo kamili, na macho yake yalikuwa yale ya mtu aliyeingia nyumba ya mteja na kujua bomba limeoza kabla ya kupasua ukuta. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua, maji yakamchuruzika shingoni.

"Jaza," alisema.

Akajaza. Akanywa tena, akafumba macho.

"Mnaona?" Mama aliweka kanga chini, uso umemkunjuka. "Sikusema? Wamemruhusu. Mtoto ameanza kupona, daktari kaona mwenyewe." Akamgeukia mzee wa kitanda cha pili. "Anakunywa mwenyewe, baba. Hata hashikiwi."

Mzee wa mguu wa plasta alimtazama dada, kisha akatazama dirishani. "Namwona, mama," alijibu.

"Mbona umesimama?" Mama akampokea binti yake kikombe. "Jagi limekwisha. Nenda kalijaze, mwenzio ana kiu."

"Ndiyo, mama."

Bombani palikuwa na mwanamke anaosha vyombo vya mgonjwa wake, sufuria na vijiko. Alimwambia apite kwanza, kwani yeye bado ana vingi. Dada akasema hapana, amalize tu, akasimama nyuma yake na jagi mkononi, akangoja zamu yake.