Gunia la Vipande

Puu!

Kabla hajainua macho kwenye cherehani yake, Vifungo alijua aliyeanguka ni mtu. Robota la kitambaa likidondoka, kazi huendelea. Sasa mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, mpaka ukumbi wote wa kiwanda ukabaki na pumzi za wanawake tu.

"Mwingine huyo!" mtu akapiga yowe. "Mchawi ametupiga tena!"

Jana alianguka Vifungo, waliyemwita hivyo kwa kuwa kazi yake ilikuwa kushona vifungo vya mashati. Akafuata jirani yake, kisha safu nzima ikapukutika kama punje kwenye gunzi. Wenzake waliangushwa na woga. Yeye aliangushwa na mimba changa na tumbo lisiloonja kitu tangu alfajiri. Hakumwambia mtu. Pale mwenye mimba alionyeshwa mlango.

"Fungeni mlango!" Huyo alikuwa Mdomo-Cherehani, mshona kola, ambaye siku zote maneno yake yaliwavunja mbavu. Leo hakucheka mtu. Alilinyakua gunia la Bibi Fagio, mfagiaji wao, akalimwaga sakafuni: vipande vya kitambaa, nyuzi, na nywele zilizonasa humo.

"Tazameni! Nyuzi zetu, nywele zetu! Anazipeleka wapi?"

"Namshonea mjukuu mto, wanangu," bibi alisema, mgongo ukutani, fagio kifuani. "Naokota mlivyotupa tu."

"Mto gani wa nywele za watu?"

Mkasi mmoja ukachukuliwa mezani. Kisha mwingine. Mikasi ileile iliyokata mashati ya watoto wa shule, sasa imeshikwa kama majambia.

"Vifungo, dada yangu," Mdomo-Cherehani alimgeukia, "wewe ndiye uliyeanza kuanguka. Sema. Ni huyu?"

Vifungo angeitikia kwa kichwa tu, angerudi kitini kwake na riziki yake salama. Bibi alimtazama. Jana ndiye aliyemwinua, akamnywesha maji, akamnong'oneza: "Kula, mwanangu. Mko wawili." Siri ile bibi akaimeza. Hata sasa, roho mkononi, hakuitapika.

"Nina mimba," Vifungo alisema. "Nilianguka kwa njaa. Bibi hana kosa."

Mkasi mmoja ukashuka. Akadhani ukweli umeingia.

"Jana walinong'onezana!" sauti ikapasuka nyuma. "Niliwaona kwa macho yangu!"

"Kumbe wako pamoja!"

Duara likasogea. Walioitana shoga asubuhi walikuwa macho tu sasa, macho na vyuma. Vifungo alirudi nyuma mpaka bega lake likagusa la bibi. Nje mtu aligonga mlango, akagonga tena. Hakuna aliyekwenda kufungua.

"Waambie ni mimi, mwanangu," bibi alinong'ona. "Uokoke."

Vifungo alipapasa nyuma yake, akaupata mkono uliojaa sugu, akaushika.

"Nakuahidi, bibi," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Kwa mlango ule tutatoka sote watatu."